Kuruka na Kutua

Vijana wetu wa Lukafu huota kuichezea Mazembe ya Lubumbashi, iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara 5. Mmoja wao nalimfundisha kuruka juu apige mpira kwa kichwa. Siku moja akatua kwa mguu mmoja, goti limenyooka, likalalia ndani. Hakuna aliyemgusa, lakini kano ya goti ikakatika. Hata leo huchechemea.

Kosa lilikuwa langu: nalimfundisha kuruka, sikumfundisha kutua. Sasa, kabla ya mchezo, wanafunzi wangu hujizoeza kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa yakielekea vidole, kifua hakianguki mbele. Goti lililokunjwa husaidiwa uzito na misuli ya paja na nyonga.

Enyi wazazi na walimu, tusimsifu mtoto kwa kuruka tu. Tumtazame pia anavyotua.