Murile na Moto wa Mwezini

Masama

Mpwa wangu Elinami,

Insha yako ya Fumo Liyongo na Achilles nimeisoma yote. Umeeleza vizuri jinsi Liyongo alivyochomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa. Ila pale kwenye kisigino parekebishe: katika Iliad, Homer hasemi popote kwamba Achilles alikuwa na sehemu moja tu ya kudhurika. Habari ya mama kumchovya mtoni tunaikuta karne nyingi baadaye, kwa Statius, mshairi wa Kirumi. Mwalimu makini atakukamata hapo.

Lakini kwa nini umekwenda hadi Lamu, na Prometheus wetu yuko hapa hapa mlimani? Nasema Murile. Bruno Gutmann, yule mmisionari wa Kilutheri aliyepata kufanya kazi Masama kabla ya kuhamia Old Moshi, alichapisha masimulizi ya Wachagga mwaka 1914, na Murile yumo.

Murile alikuwa mtoto wa kugombezwa na mama yake kutwa. Siku moja, wakichimba magimbi, akaona gimbi zuri kama mdogo wake mchanga. Akalificha kwenye shimo la mti, likageuka mtoto, akawa anampelekea chakula chake mwenyewe huku yeye anakonda. Mama alipogundua, akamuua yule mtoto. Murile akalia, akiulizwa, anasema ni moshi. Hapo ndipo hadithi inaponishika. Wakamwambia ahamie upande wa pili wa moto. Machozi yale yale. Basi wakamwambia achukue kigoda cha baba akakae uani. Akakikalia, akakiamuru kipande kama kamba ya baba anapotundika mzinga msituni. Kikapanda naye mpaka nchi ya Mwezi.

Huko wenyeji walikula vibichi. Murile akapekecha moto, akawachomea ndizi, wakampa ng'ombe na mbuzi. Hapa linganisha kwa uangalifu: Prometheus aliuiba moto kwa Zeus, akaushusha duniani ndani ya bua, Murile aliutoa duniani akaupeleka juu, tena akalipwa. Mchagga na biashara! Mgiriki aliadhibiwa na mungu. Huyu wetu adhabu ilimngoja nyumbani.

Maana wakati wa kurudi alichoka njiani, na fahali mmoja akakubali kumbeba kwa sharti kwamba hatamla. Murile akawaonya wazazi wake. Fahali alipozeeka baba akamchinja. Mama, kwa kuona haifai mwanawe akose kabisa mafuta ya mnyama aliyemhangaikia hivyo, akayaficha, baadaye akayachanganya na unga, akampa. Murile akaonja, akaanza kuzama ardhini mpaka akatoweka.

Zeus aliadhibu kwa hasira, na hilo kila mtu analielewa. Mama huyu alimmaliza mwanawe kwa kumtakia mema, na kwangu mimi hilo ni gumu kuliko tai kumla Prometheus ini. Prometheus, hata hivyo, alikuja kufunguliwa na Herakles. Murile hakuna aliyemfukua.

Usiifunge insha kabla hujaja Krismasi ukamsikiliza bibi yako. Yeye humtetea yule mama mpaka leo, na mimi naye bado hatujapatana.

Wako,
Mjomba