Mkono Unaoachilia



Ng'ambo ya mpaka wetu, mjini Ndola nchini Zambia, yako makao makuu ya shirika la kimataifa linalopambana na nzige wekundu. Wazee wetu wa Katanga waliwajua nzige hao. Kati ya mwaka 1930 na 1944 walitoka katika mabonde ya Mweru wa Ntipa na Rukwa, wakaenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa ikweta. Mwaka 2020 jamaa zao, nzige wa jangwani, walifika ukingoni mwa Ziwa Albert upande wa Ituri, mara ya kwanza kuonekana nchini mwetu tangu 1944. Huko Kenya walinyunyiziwa dawa kwa ndege. Leo tuwatafakari marubani wa kazi hiyo, kwa maana huokoa chakula cha wengi, na baadhi yao huipotezea uhai.

Ndege ya kunyunyizia mashamba huruka mita chache tu juu ya mimea, tena ikiwa na mzigo mzito. Hatari kubwa humngoja rubani mwishoni mwa shamba, pale anapopanda na kugeuka ili aanze mstari mwingine. Ndege ikilala upande nyuzi 60 katika kona bila kushuka, mabawa hubeba uzito maradufu, na mwendo wa chini kabisa unaoiweka hewani huongezeka kwa asilimia 41 hivi. Rubani akizidi kuvuta usukani, hewa huachana na mabawa, ndege huporomoka, na ardhi i karibu mno.

Marubani hufundishwa mambo mawili. Kwanza, mabawa yakishindwa, wasivute. Wausukume usukani mbele, washushe pua ya ndege, ipate mwendo tena. Ni vigumu kuinama kuelekea ardhi unayoiogopa, lakini ndiyo njia ya kupona. Pili, ndege hizo zina mpini wa dharura: ukivutwa, tangi hufunguka chini na dawa yote humwagika kwa sekunde chache. Lakini mpini haujivuti wenyewe.

Tukiyawaza hayo, tunalikumbuka kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, mmoja wa viongozi wa vijana tuliokuwa tukiwafundisha alianza kukosa mafundisho. Tukasikia yuko machimboni, akichimba kobalti kwa mikono. Sisi tuliosomea ualimu tukafanya tulilolizoea: tukavuta. Tulimkaripia mbele ya wenzake, tukamvua uongozi, tukamwongezea masharti. Kadiri alivyokwenda mbali, ndivyo tulivyozidi kuvuta. Hakurudi. Ni mama yake aliyetueleza baadaye, nje ya kanisa baada ya Misa, kwamba baba alikuwa mgonjwa, na kijana huyo ndiye aliyekuwa akilisha nyumba ya watu saba. Sisi hatukuwa tumeuliza.

Siku hiyo tuliutambua mzigo tuliokuwa tumeukumbatia: heshima yetu. Tukaenda kwao, tukaketi, tukamwomba msamaha mtu ambaye angeweza kuwa mwana wetu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akatuletea maji ya kunywa. Hadi leo yuko machimboni, na kila mvua inaponyesha tunaogopa udongo utamfunika. Lakini Jumapili jioni huja kutusalimu, na pamoja naye tunatafuta njia nyingine ya riziki.

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Dhoruba ilipowazidi, waliosafiri na Mtume Paulo walitupa shehena, kisha vyombo vya merikebu, mwishowe hata ngano yao. Merikebu ilivunjika; watu wote 276 wakafika nchi kavu. Ngano ilikuwa mali njema, kama dawa ile ilivyo njema kwa shamba. Hata kitu chema huweza kutuangusha tusipojua saa ya kukiachilia.

Katika kikundi chenu, jiulizeni: Ni nani tunayemvuta badala ya kumwendea? Ni mzigo gani tunaoogopa kuumwaga?

Tuombe. Ee Bwana, uliyejishusha hadi msalabani, utufundishe kuinama kabla hatujaanguka. Amina.