Msimulizi Arudipo Mezani

Michezo mingi ya mezani ina adabu moja: ikifika mwisho, mmoja hucheka na mwenziwe hukunja uso, kisha vitu hukusanywa vikarudishwa mahali pake. Bao lina mtaji wake, na karata zina turufu zake. Lakini upo mchezo usiokuwa na mshindi wala mwisho uliowekwa, ambao kwa zaidi ya miaka 50 umewakalisha watu wazima, wenye kazi na watoto na madeni, hadi usiku wa manane wakishughulikia maisha ya watu ambao hawakuzaliwa kamwe. Mchezo huo ni Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani Januari 1974. Nakala 1,000 za mwanzo zilipangwa kwa mkono katika visanduku, na kila kisanduku kilikuwa na vijitabu vitatu.

Namna unavyochezwa si ngumu kuieleza. Watu wanne au watano huizunguka meza. Kila mmoja hujitungia mtu wake, mpiganaji au mchawi au kasisi, akamrushia dadu ili zijulikane nguvu zake, akili yake, hekima yake, wepesi wake, uimara wa mwili wake na haiba yake. Hayo huandikwa karatasini kwa penseli. Mmoja tu kati yao hana mtu wake, na huyo ndiye msimulizi, ndiye mwamuzi, ndiye kila adui na kila mchuuzi na kila mvua inayonyesha. Huwaambia wenziwe: “Mlango wa chuma uko nusu wazi, na ndani mnasikia maji yakitiririka. Mwafanya nini?” Wakijibu, mambo huenda kwa jibu lao. Penye shaka hurushwa dadu ya pande 20, na hata mnyonge kabisa huwa na fungu lake moja katika 20. Hadithi ndefu ya namna hii, inayochukua miezi au miaka, wenyewe huiita kampeni, jina walilolirithi kutoka michezo ya vita.

Msomaji wa pwani atadhani ameshaujua mchezo huu. Si hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea? Ndiyo, na siyo. Mtamba ngano huujua mwisho wa ngano yake. Bibi akianza habari ya sungura, anajua sungura ataponea wapi. Msimulizi wa meza hii haujui mwisho. Jamaa yake wa karibu zaidi ni yule mshairi anayetupa beti zake katika malumbano, akaweka vina na mizani, kisha akangoja. Sheria ni zake, lakini jibu si lake. Asipojibiwa, beti zake ni mzigo uliobaki bandarini. Na hapo ndipo penye siri ya watu wanaouacha mchezo huu miaka mingi, kisha wakaurudia.

Asili yake inaonyesha hivyo hivyo. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, kijana mmoja aitwaye David Wesely aliwachezesha wenziwe mchezo wa vita vya zama za Napoleon. Badala ya kumpa kila mmoja jeshi, akampa kila mmoja mtu wa kuwa, katika mji wa kubuni uitwao Braunstein. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwamo Dave Arneson, aliyezaliwa 1947. Mwaka 1971, Arneson aliwakusanya wenziwe katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake mjini St. Paul, akawaonyesha nchi yake ya kubuni, Blackmoor: ngome, mji chini yake, na chini ya ngome vichochoro vya giza visivyojulikana vinakoishia.

Jambo moja alilolieleza Arneson baadaye linastahili kukumbukwa na kila mwenye kutunga. Katika sheria za vita alizozianza nazo, pigo moja liliweza kummaliza mtu. Wenziwe hawakulipenda hilo. Hawakujali wao wakimwua joka kwa pigo moja, bali hawakutaka joka liwaue wao kwa pigo moja, maana walikuwa wameshawapenda watu wao. Basi Arneson akaenda kuazima kutoka mchezo wake mwingine, wa vita vya manowari za chuma za wakati Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe. Manowari haizami kwa risasi ya kwanza. Ina unene wa chuma, na ina kiasi cha kupigwa kabla ya kwenda chini. Akampa binadamu wa kubuni ustahimilivu wa chombo. Leo hesabu hiyo ya uhai imo katika michezo isiyohesabika, ya mezani na ya kompyuta, na asili yake ni msimulizi aliyetazama nyuso za rafiki zake akaona kwamba hawako tayari kuaga.

Mwishoni mwa 1972 Arneson alisafiri na mwenzake, David Megarry, hadi Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kumwonyesha Gary Gygax mchezo huo. Gygax, mzaliwa wa Chicago wa mwaka 1938, alikuwa amefanya kazi ya bima, akaipoteza, akawa anashona viatu ili kulisha nyumba yake. Kalamu yake ilikuwa nyepesi, na sheria alizipenda kama wengine wanavyopenda kufuga njiwa. Aliyoyaona kwa Arneson aliyaandika, akayapanua, akayajaribu kwanza kwa watoto wake mwenyewe, Ernie na Elise, chini ya ngome nyingine ya kubuni iitwayo Greyhawk. Kutokana na mikono hiyo miwili, wa kubuni papo kwa papo na wa kuandika, kikazaliwa kile kisanduku cha 1974.

Yaliyofuata ni ya kawaida pale shirika linapopata mali. Mwaka 1979 Arneson alikwenda mahakamani kudai haki yake ya mtunzi, wakasuluhishwa 1981. Mwaka 1985 Gygax naye akaondolewa katika uongozi wa kampuni aliyoiasisi, na haukupita muda akatoka kabisa. Mwaka 1997 kampuni hiyo ikanunuliwa na Wizards of the Coast, na miaka miwili baadaye mnunuzi naye akanunuliwa na Hasbro. Jina likawa na mwenyewe, picha zikawa na mwenyewe, hata majina ya baadhi ya majinamizi yakawa na mwenyewe. Mtu angedhani kwamba waasisi wawili, kila mmoja na jeraha lake, wangeukimbia mchezo huo kama mtu anavyoikwepa njia ya nyumba aliyofukuzwa.

Hawakuukimbia. Arneson alipata kiharusi mwaka 2002. Alikuwa akifundisha utungaji wa michezo katika chuo cha Full Sail huko Florida, kazi aliyoianza 1999 na kuiendeleza hadi 2008. Pamoja na hayo, alikuwa akirudi Minnesota kila mwaka kukutana na wenziwe, wakacheza Blackmoor, ile ile ya awali, watu wenye mvi wakishuka tena vichochoro walivyovishuka wakiwa vijana. Gygax alipata viharusi mwaka 2004, kazi zake za uandishi zikapungua sana. Lakini nyumbani kwake Lake Geneva aliendelea kuwachezesha watu kila wiki hadi Januari 2008, miezi miwili tu kabla ya kufa.

Walirudia nini? Si mali, kwa kuwa haikuwapo tena pale mezani. Wala si umaarufu, kwani meza ya watu sita haina jukwaa. Yafaa jibu litafutwe katika mambo yanayomkuta kila msimulizi anayerudi, hata asiyejulikana nje ya mtaa wake. Wengi waliouanza mchezo huu ujanani waliuacha kwa sababu zisizo na lawama: kazi, ndoa, kuhama, uzazi. Miaka ikapita. Kisha siku moja hufunguliwa boksi lililokaa juu ya kabati, na ndani yake mna ramani zilizokunjika, dadu zilizochubuka pembe, na karatasi za watu wa kubuni. Katika kila karatasi pana mahali ambapo penseli imefutwa na kuandikwa mara nyingi hata pakawa pembamba kama ngozi ya kitunguu. Hapo ndipo palipoandikwa uhai. Kila kufuta ni pigo alilolipata mtu huyo, na kila kuandika upya ni usiku aliopona.

Msimulizi akizitazama, hugundua kwamba ramani anazikumbuka na habari amezisahau. Anajua mlango uko wapi, hajui nani aliufungua. Basi huwaita waliokuwapo, na hapo hufichuka kwamba hadithi haikuwa kwake hata siku moja. Mmoja anakumbuka daraja lililovunjika. Mwengine anakumbuka kwamba daraja halikuvunjika, bali yeye ndiye aliyelikata kamba ili wenziwe wapone. Wa tatu hakumbuki daraja, anakumbuka kicheko. Msimulizi aliyedhani ni mwenye kisa hujikuta ni mwenye maswali tu, na majibu wamekaa nayo wengine miaka yote hiyo, kila mmoja na kipande chake, kama familia iliyogawana vyombo vya marehemu.

Kwa hiyo kurudi kuna gharama yake. Sauti iliyokuwa ikinguruma kama joka sasa inakatika njiani. Usiku wa kuchezea unatafutwa wiki tatu, kwa sababu huyu ana zamu na yule ana mgonjwa. Pengine kiti kimoja kina mtu mgeni, na pengine kiti kimoja hakina mtu. Msimulizi mwenye busara hamfufui mtu wa yule asiyekuja tena ili amsemee yeye. Humwachia njia yake. Husema alionekana mara ya mwisho akielekea kaskazini, na wenziwe mezani huelewa. Wala hajaribu kuimaliza hadithi kama alivyokusudia zamani, kwani aliyeikusudia alikuwa kijana mwingine. Huuliza tena lile swali la kwanza, mwafanya nini, kisha hunyamaza. Katika kunyamaza huko ndimo umo ufundi wote, na washairi wa malumbano wanalijua hilo: heshima ya ubeti ni kuacha nafasi ya kujibiwa.

Haya ndiyo mahakama isingeweza kuyagawa. Sheria zilikuwa na mwenyewe, na haki ya kuzidai ilikuwa haki ya kweli. Hakuna aibu kwa mtunzi kudai jina lake. Lakini kile walichokirudia wazee wale wawili hakikuwamo katika hati yoyote, kwa kuwa hakikai katika karatasi. Hukaa baina ya anayeuliza na anayejibu, na wakiondoka mezani huondoka nao.

Gygax alifariki tarehe 4 Machi 2008, na Arneson akamfuata tarehe 7 Aprili 2009. Gygax alipozikwa, jamaa na marafiki walikusanyika katika ukumbi mmoja wa mjini Lake Geneva, na katika matanga hayo watu wakacheza. Mwaka uliofuata walikusanyika tena kwa jina lake, na mkutano huo umeendelea kuwako hadi miaka hii. Waliokaa mezani siku ya maziko walikuwa na msiba, na msimulizi wao alikuwa ameshafukiwa. Mwengine akashika kiti, akawaeleza walipo na wanachokisikia, akawauliza wafanyalo. Nao wakajibu.