Dola mbili

Kwenye kipindi cha wiki hii tulicheka sana kuhusu kazi ambayo wengi wetu tuliianza tukiwa na miaka minane, bila mshahara: ukalimani wa mama. Benki, shuleni, kwa daktari. Kuna sehemu moja sikuisema hewani, ndo naiandika hapa.

Kazini kwetu, ghala moja hapa Birmingham, kuna kaka Mwafghani ninayepanga naye mizigo zamu ya usiku. Alikuwa mkalimani wa wanajeshi wa Uingereza kule Helmand, akaja huku 2021. Mwanzoni tuliongea maneno tu. Chai kwao ni chai. Serikali wanaiita dawlat. Nikamwambia hilo hata sisi tunalo: dola. Vyombo vya dola, yaani polisi, jeshi, mahakama. Halafu nikaongeza kwamba kwetu neno hilohilo pia ni pesa ya Marekani. Hapo hakucheka. Akasema, "Basi nyie mmetuelewa kuliko wote."

Akanieleza. Marekani na Uingereza walianza kupiga mabomu Oktoba 2001, na Novemba Taliban wakaondoka Kabul. Serikali mpya ikapangwa kwenye mkutano wa Bonn, Ujerumani, Hamid Karzai akawekwa kuiongoza, na 2004 akachaguliwa kwa kura. Mazuri yalikuwepo, na hataki mtu ayafute: dada zake walisoma, redio na televisheni zikafunguliwa nyingi. Lakini kwa miaka mingi kama robo tatu ya matumizi ya serikali ilitoka kwa wafadhili. Dola ilisimama juu ya dola. Sasa serikali isiyoishi kwa kodi ya wananchi wake itamsikiliza nani? Karzai mwenyewe alilalamika mara kwa mara kuhusu wanajeshi wa kigeni kuvamia nyumba za watu usiku. Rais mzima, analalamika kama mpangaji.

Siku moja kulikuwa na kikao cha wazee wa kijiji na ofisa wa Kiingereza. Mzee mmoja akauliza, "Hawa polisi mnaotuletea wanatudai rushwa barabarani. Nyinyi mkiondoka, nani atawatetea?" Yeye akatafsiri: "Mzee anashukuru, anaomba polisi waongezewe mafunzo." Ofisa akaandika kwenye daftari, akatabasamu.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Niliogopa. Nilitaka kikao kiishe salama."

Agosti 15, 2021, Taliban waliingia Kabul na Rais Ashraf Ghani akakimbia nchi. Rafiki yangu alikuwa kwenye umati nje ya uwanja wa ndege, na aliyemjia kichwani ni yule mzee. Hasemi kwamba sentensi moja ingebadilisha vita. Anasema kila aliyepitisha habari aliongeza sukari kidogo, mkalimani, ofisa, mkubwa wa ofisa. "Ikifika juu," akasema, "ilikuwa sharubati."

Mi nilinyamaza. Kwa sababu miezi miwili kabla, daktari alinieleza kwa utulivu kabisa kwamba figo za mama zinashindwa, na kwamba inabidi familia ianze kufikiria kusafishwa damu. Mama akanigeukia: "Anasemaje?" Nikamwambia, "Figo zimechoka kidogo, upunguze chumvi." Nilitaka kikao kiishe salama.

Asubuhi ile nilipotoka zamu nilimkuta jikoni, anachemsha chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka?"

"Mama, ile siku kwa daktari sikukutafsiria yote."

Akazima jiko, akavuta kiti. Wala hakushtuka. "Nilijua," akasema. "Yule daktari kaongea dakika kumi, we ukaniambia maneno matano. Nikasema labda mwanangu anaogopa, nimwache." Akanimiminia chai. "Haya, anza upya. Na usiruke."

Nikaanza upya. Neno la kusafisha damu lilinikwama, Kiswahili changu mnakijua, nikalizunguka mpaka akaelewa. Akauliza maswali ambayo daktari alipaswa kuyasikia siku ile ile, miezi miwili iliyopita.

Alhamisi tunarudi. Safari hii nimeomba hospitali ituletee mkalimani. Mi nitakaa pembeni, nimshike mama mkono, niwe mtoto tu.