Rangi na Haki

Wako watu ambao wakionyeshwa picha isiyo na mtu, mnyama wala mti, bali rangi na mistari mitupu, huuliza, "Hii nayo maana yake nini?" Mimi huwajibu kuwa sisi watu wa pwani hatustahili kuuliza hivyo. Mafundi wetu, kwa kujiepusha na kuchora vyenye roho, tangu zamani wamepamba milango kwa nakshi, na mama zetu wamesuka mikeka kwa miyaa ya rangi. Nani amewahi kuuliza maana ya mkeka?

Jambo hili nimelifikiri sana kwa ajili ya Bibi Samia Halaby, Mpalestina mchoraji wa picha za namna hiyo. Alizaliwa Baitul-Muqaddas mwaka 1936. Mwaka 1948 yeye na wazee wake walilazimika kuuhama mji wa Yafa, na mwaka 1951 wakafika Marekani. Mwaka 1966 alirudi Mashariki ya Kati kuzichunguza nakshi za majengo ya Kiislamu, na athari yake yaonekana katika kazi zake. Nyingi amezipaka kwa akriliki, rangi ichanganywayo na maji, lakini ikishakauka maji hayaiondoi.

Chuo Kikuu cha Indiana, alichosomea na kufundisha, kilitayarisha maonyesho makubwa ya picha zake, yafunguliwe Februari 2024. Desemba 2023, naye ana miaka 87, akaarifiwa kuwa yamefutwa. Chuo kilitoa udhuru wa usalama. Yeye na watetezi wake waliona sababu ni kauli zake za kuitetea Palestina. Mwaka huo huo wa 2024 Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kiliionyesha kazi yake, na huko Venice, Italia, waamuzi wa maonyesho ya Biennale wakamtaja kwa heshima.

Picha hizo, apendaye na azipende, asiyependa na aziache. Lakini haki ya mtu haipimwi kwa uzuri wa kazi yake. Tukingoja kwanza tupendezwe ndipo tumtetee aliyedhulumiwa, tutakuwa twatetea matamanio yetu, si haki. Na mtihani huu huanzia majumbani mwetu: mtoto, jirani, hata hasimu, akifungiwa mlango kwa neno la kweli alilosema, je, husimama naye, au huuliza kwanza kama twampenda?