Nasaba ya Baba na Jina Lililoachwa

Marehemu baba yetu alituachia karatasi moja iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambayo aliihifadhi ndani ya msahafu tangu tulipokuwa watoto huko Mtwara. Ndani yake mna majina kumi na moja, kila moja limeunganishwa na lifuatalo kwa neno "bin", na lile la mwisho limevikwa nisba ya Ash-Shirazi. Baba alizaliwa Mucojo, katika pwani ya Cabo Delgado, akavuka mto Ruvuma pamoja na wazazi wake katika miaka ya vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Hakurudi tena kuishi kwao. Kwake yeye, karatasi ile ndiyo iliyokuwa Mucojo.

Sisi tuliokwisha kufundisha lugha kwa miaka zaidi ya ishirini tuna maradhi ya kusahihisha kila tukisomacho, na nasaba ya baba hatukuiacha salama. Hata tukikadiria miaka 30 kwa kila kizazi, majina kumi na moja hayatufikishi nyuma zaidi ya karne ya 17. Ilhali Washirazi wa masimulizi ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros alichapisha muhtasari wake mwaka 1552, walikwisha kutawala mamia ya miaka kabla ya hapo. Basi ama babu yetu wa kumi na moja alichelewa mno jahazi la ndugu zake, ama majina mengi yamedondoka njiani. Tulipomweleza baba hesabu hiyo alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba nasaba haipimwi kwa rula.

Mwaka 2014, baba akiwa amekwisha kufariki, tulikwenda Mucojo wenyewe. Ni makao ya tarafa katika wilaya ya Macomia, mahali pa wavuvi na minazi. Kaskazini yake ipo rasi ya Pangane, na kusini, ng'ambo ya maji, vipo visiwa vya Matemo na Ibo. Wenyeji ni Wamwani, na lugha yao ina undugu wa karibu na Kiswahili, hata tukaelewana nusu ya mazungumzo na nusu nyingine tukaimaliza kwa kicheko.

Binamu zetu walitutolea vyeti vya zama za Wareno. Hapo ndipo tulipopotea. Muhammad alikuwa Momade, Ahmadi alikuwa Amade, Yusufu alikuwa Issufo, Bakari alikuwa Bacar. Karani aliandika alivyosikia, na jina la ukoo akalitoa mara kwa baba, mara kwa babu, hivyo ndugu wawili wa tumbo moja wakatoka ofisini kama watu wasiojuana. Anayetafuta nasaba katika pwani hii sharti aulize kwanza jina linatamkwaje, ndipo aulize linaandikwaje. (Tuseme pia kwamba katika Nyaraka za Historia za Msumbiji, huko Maputo, zimehifadhiwa barua za Kiswahili za karne ya 19, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na machifu wa pwani kuwapelekea wakubwa wa Kireno. Walimu wa Kiswahili wangapi tumewahi kuzitazama?)

Aliyetuopoa ni shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye hakuwahi kuhama. Tulimwamkia, tukaketi mkekani, tukamsomea karatasi ya ndugu yake. Tulipofika jina la tano aliinua mkono.

"Mwanangu, hao ni waume," akasema. "Nyumba hii waliishika kina nani?"

Kisha akaanza kuhesabu kwa upande wa pili: mama yake, mama wa mama yake, na kuendelea, bila ya kusita, hadi mama wa saba. Huyo wa saba, alisema, hakuzaliwa pwani. Alikuwa mtoto wa Kimakua aliyetekwa bara na kuletwa Ibo kuuzwa. Merikebu haikumchukua; nahodha mmoja akamnunua, akamleta Mucojo, akampa jina jingine, na baadaye akazaa naye. Jina lake la bara wanawake walirithishana, mama kwa binti mkubwa. Shangazi hakujaaliwa binti. Akatuinamia, akatunong'oneza sisi.

Safari hii hesabu ilikubali. Vizazi hivyo vinatupeleka mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19, wakati Ibo ilipokuwa soko kubwa la watumwa, wengi wakipelekwa katika visiwa vya Wafaransa, Mauritius na Réunion. Wala shangazi hakubuni desturi ya kuhesabu kwa mama. Watawala wa Angoche, kusini zaidi, husimuliwa kuwa asili yao ni Kilwa, na bado koo zao zilifuata upande wa wanawake, kama zifuatavyo koo za Wamakua. Mwaka 2023 wataalamu waliochunguza mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, tangu Manda hadi Songo Mnara, walitangaza kwamba wengi wa wale waliozikwa humo walikuwa na asili ya Uajemi kwa upande wa baba, na ya Afrika kwa upande wa mama. Karatasi ya baba, basi, yamkini haikusema uongo. Ilisema nusu.

Tulipowaambia binamu zetu kwamba tutaliandika jina lile, mmoja wao alitusihi tusifanye hivyo. Binti yake alikuwa amekwisha kuposwa. "Wataka waambiwe wametokana na mtumwa?" Hatukuwa na jibu, kwa kuwa twajua neno hilo lingali likivunja posa hata Mtwara. Tukaahirisha.

Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliezua mapaa ya wilaya nzima. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vikateremka hadi Mucojo, na mwaka 2020 shangazi alipakiwa mashuani, akafika Pemba na kanga mbili. Vyeti vyote vilibaki nyuma. Ofisi moja ilimpa kitambulisho kipya, na jina la baba yake likaandikwa kwa namna ya tatu. Aliaga dunia mwaka 2022, katika ua wa watu waliomhifadhi.

Usiku wa habari hiyo tuliitoa karatasi ya baba katika msahafu. Chini ya majina kumi na moja tulipanga yale saba, kwa herufi zile zile za Kiarabu, "binti" kwa "binti", hadi lile la Kimakua, ambalo herufi hizo zililiandika kwa shida. Tuliandika "binti" mara moja zaidi, kalamu ikasimama, kwa maana jina la mzazi wake hakuna aliyelihifadhi. Tukaacha nafasi. Binamu yetu hatujamwarifu bado.