Mhadhiri Aliyekuja Fildi

Nilianza kazi na stashahada, katika ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya mkoani Morogoro. Tulipokea akina mama waliodai matunzo ya watoto, wazee wasio na ndugu, wanandoa waliofika kusuluhishwa, na watoto waliokinzana na sheria. Hao wa mwisho ndio walionifanya nitafute shahada. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto akishtakiwa, afisa ustawi huandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii, na mahakama huitazama kabla ya kuamua hatima yake. Kurasa zile chache zinaweza kumrudisha mtoto kwa bibi yake au kumpeleka Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya. Nilitaka kuziandika nikiwa na elimu inayolingana na uzito wake.

Njia zilikuwa mbili. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kingeniruhusu kusoma huku nikifanya kazi na kulala nyumbani kwangu. Chuo cha Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, kilichoanzishwa mwaka 1973 kuwaandaa maofisa wa kada yetu hii, kingenidai niombe ruhusa ya masomo, nipange chumba Dar es Salaam na kuwaacha watoto kwa mama yangu. Mume wangu alipiga hesabu ya kodi, nauli na ada, akasema shahada ni shahada. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na kwa mtu anayejisimamia vizuri, Huria ni chuo cha kuheshimika.

Lakini ofisini kwetu walikuwa wakija wanafunzi wa fildi kutoka vyuo mbalimbali, na nilikuwa nimeona jinsi wanavyosimamiwa. Wengine walisainiwa vitabu vyao wakaondoka. Siku moja alikuja mhadhiri kutoka Kijitonyama, mama wa makamo. Tulimwamkia, akaketi kwenye benchi la wateja na kuomba faili alilokuwa akishughulikia mwanafunzi wake. Akasoma polepole. Alipofika palipoandikwa kwamba mama wa mtoto ni mlevi, akaweka kidole hapo.

“Umemwona akinywa, mwanangu, au umeambiwa na jirani?”

“Nimeambiwa, mama.”

“Basi andika nani kakuambia, kisha rudi ukamwone mwenyewe.”

Kijana alirudi. Alimkuta mama yule akiugua kifafa, anaanguka njiani, na mtaa mzima unamwita mlevi. Taarifa iliandikwa upya, na ombi la kumwondoa mtoto nyumbani likageuka ombi la matibabu ya mama.

Nilikwenda Kijitonyama. Gharama ilikuwa kubwa na mama yangu aliibeba pamoja nami.

Leo wazazi wakiniuliza wampeleke wapi kijana wao anayetaka kusomea kazi hii, nawaambia wahakikishe kwanza kwamba programu ina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), au ya NACTVET kwa taasisi zisizo vyuo vikuu kama Kijitonyama. Kisha waulize maswali ambayo vipeperushi havijibu: fildi ni ya wiki ngapi, msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi, na je, hufika kituoni na kusoma mafaili? Majengo na umaarufu wa chuo viwekwe baadaye. Mhitimu wetu atapewa mamlaka ya kuandika habari za familia zisizo na wakili wala sauti, na ni haki yao kwamba aliyeandika amefundishwa kuuliza mara ya pili.